Nani Ashuke Penye Marikebu Iliyozama?

Msomaji mpenzi, ukisimama Malaba asubuhi yoyote utayaona malori yamepangana, moja nyuma ya jingine, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Yamebeba ngano, vyuma, nguo, mashine na dawa, na sehemu kubwa ya shehena hiyo ilishushwa katika bandari ya Mombasa. Ukienda Busia utaona mambo hayo hayo. Basi mtu asikwambie ya kuwa bahari haituhusu sisi wakazi wa mpakani kwa sababu iko takriban kilomita 900 kutoka hapa. Tunakula, tunavaa na tunajenga kwa vitu vilivyopita baharini. Njia yenyewe nayo si ya jana: katika miaka ya 1890 ilikatwa barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa kuja bara, na mwisho wake ulikuwa Busia.

Nimeanza na maneno hayo kwa kuwa nataka tuhojiane juu ya jambo ambalo wanafunzi wengi wa bara huliona kuwa ni mchezo wa wageni na watu wa pwani. Siku hizi wapo watu wengi, duniani na hapa Kenya, wanaojifunza kupiga mbizi wakiwa na mitungi ya hewa migongoni. Hawafanyi hivyo kwa kutafuta riziki, bali kwa kujiburudisha. Huenda Watamu, Malindi na Diani kutazama samaki na matumbawe. Lakini baadhi yao hawatosheki na samaki. Wanataka kufuatana na wanaakiolojia katika misafara ya kuchunguza marikebu za kale zilizozama. Je, wakubaliwe au wakataliwe?

Wapo wasemao wakataliwe, maana mtu wa burudani atavunja vyombo, atachafua mahali, na kisha ataondoka na kumbukumbu mfukoni. Wapo wengine wasemao hakuna haja ya wanaakiolojia hata kidogo: bahari ni ya wote, na aliyezamia akakiona kitu ndiye mwenye kitu. Na lipo kundi la tatu, ambalo halisemi neno kwa sauti, lakini matendo yake yanasema: akaribishwe kila mwenye fedha za kulipia nafasi. Mimi nayapinga makundi yote matatu. Nasema wapiga mbizi wa burudani wakubaliwe, ila kwa masharti. Na mlango ukisha kufunguliwa, usifunguliwe kwa mwenye fedha peke yake.

Tutazame kwanza hoja ya wale wanaotaka kufunga mlango. Wamesahau jinsi habari za marikebu mashuhuri ya Mombasa zilivyopatikana. Tangu mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome ya Fort Jesus, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Mwaka 1697 ilikuja marikebu ya vita kutoka Goa kuwasaidia waliozingirwa. Jina lake lilikuwa Santo António de Tanná, nayo ilikuwa imeundwa Bassein, katika Bara Hindi, mwaka 1681. Mwezi wa Oktoba mwaka 1697 ilizama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa, na mwezi wa Desemba mwaka 1698 ngome ikaanguka. Marikebu ikalala chini ya maji na matope karibu miaka 270. Ni nani aliyeiona katika miaka ya 1960? Hakuwa profesa, wala ofisa wa serikali. Walikuwa ni wapiga mbizi wawili waliokuwa wakizamia kwa mapenzi yao tu. Habari zikafika kwa wataalamu, na kutoka mwaka 1977 hata mwaka 1980 Taasisi ya Akiolojia ya Bahari ya Marekani ikishirikiana na makumbusho yetu iliichimba kwa utaratibu. Maelfu ya vitu yaliletwa juu, na vingine unaweza kuvitazama leo katika makumbusho ya Fort Jesus. Mwili wa marikebu wenyewe uliachwa pale pale chini, umefunikwa. Sasa niambie: lau wapiga mbizi wale wangalifukuzwa majini kwa sababu hawakuwa na shahada, tungalikuwa na nini cha kutazama?

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya hesabu. Binadamu hakuumbwa kukaa chini ya maji. Kila anapozidi kwenda chini, hewa ya naitrojeni anayoivuta huingia zaidi katika damu na nyama ya mwili wake. Akikaa sana kisha akapanda kwa haraka, hewa hiyo hufanya mapovu mwilini, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumwua. Kwa hiyo mtu mmoja hufanya kazi kitambo kidogo, kisha hana budi kutoka na kumpisha mwenziwe. Kazi ambayo juu ya nchi kavu ingefanywa na watu kumi, chini ya maji hutaka watu wengi mno. Tazama mfano wa Uingereza. Manowari Mary Rose ilizama tarehe 19 Julai mwaka 1545, ikapatikana mwaka 1971, na mwili wake ukainuliwa tarehe 11 Oktoba mwaka 1982. Wapiga mbizi wa kujitolea wapatao 500 walishiriki, na watu walizamia karibu mara 28,000. Vitu zaidi ya 19,000 vilipatikana. Ni serikali gani ingeweza kuwalipa mshahara watu wote hao? Wale waliojitolea ndio waliokuwa mikono ya kazi ile, na kazi haikuharibika, kwa sababu mikono ilitii kichwa.

Hapo ndipo ninapoachana na kundi la pili, wale wasemao kwamba aliyekiona kitu ndiye mwenye kitu. Maneno yao ni matamu masikioni mwa kijana, kwa maana kila kijana amewahi kuota juu ya sanduku la dhahabu. Lakini sisi wa Busia na Malaba tunao mwalimu mwema katika jambo hili, naye ni forodha. Unajua kwamba lori halivuki kwa sababu tu limebeba mali. Huulizwa: mali hii imetoka wapi? Ni ya nani? Ilipakiwa lini? Inakwenda wapi? Lakiri ya mlangoni ni nzima au imevunjwa? Mali ile ile, ikiwa na karatasi zake, ni biashara ya halali. Isipokuwa nazo, ni magendo, na hakuna ajuaye asili yake. Kitu cha kale ni vivyo hivyo. Chungu kilichopatikana ndani ya marikebu kina karatasi zake, nazo ni mahali kilipolala: kilikuwa omo au tezi, juu ya mataruma au chini yake, kando ya mzinga au kando ya jiko la mabaharia. Mwanaakiolojia huitandaza kamba ya kupimia, hugawanya mahali kwa miraba, huchora kwa penseli juu ya karatasi isiyolowa, hupiga picha, hutia namba, na baada ya hayo yote ndipo kitu kinapoguswa. Anayekinyakua chungu kabla ya hapo ameivunja lakiri. Chungu kitabaki chungu, lakini hakitasema tena.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 1985 mtafuta hazina mmoja aliyafikia mabaki ya Geldermalsen, marikebu ya Kiholanzi iliyozama mwaka 1752 katika bahari ya Kusini ya China. Vyombo vya kauri vilivyokuwemo viliuzwa Amsterdam mwaka 1986 katika mnada ulioleta mamilioni. Wauzaji walitajirika, na wanunuzi walipamba kabati zao. Lakini shehena nzima, iliyokuwa pamoja kwa zaidi ya miaka 200, ikatawanyika duniani, na marikebu yenyewe haikuchunguzwa kwa utulivu uliostahili. Ulimwengu ulipata sahani nyingi na maarifa machache.

Sasa uweke mfano huo kando ya mwingine, unaotuhusu sisi Waafrika kwa uchungu zaidi. Mwezi wa Desemba mwaka 1794 marikebu ya Wareno iliyoitwa São José iliondoka Msumbiji kwenda Brazili ikiwa na watumwa zaidi ya 500. Usiku wa tarehe 27 ilipasuka juu ya miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 katika wale waliofungwa walikufa maji, na walionusurika wakauzwa tena. Katika miaka ya 1980 watafuta hazina waliyaona mabaki hayo, wakayadhania kuwa ni ya marikebu nyingine, ya Waholanzi, wakapita. Waliokuja baadaye kwa utaratibu wa elimu waliviona vipande vya chuma ambavyo haviuziki sokoni kwa bei yoyote ya maana, navyo ndivyo vilivyotoboa siri. Marikebu za watumwa zilipakiwa vyuma vya uzito ili zitulie majini, kwa kuwa shehena ya binadamu ni nyepesi. Na katika hati za shehena zilizohifadhiwa Lisbon iliandikwa kwamba São José ilichukua vyuma hivyo. Mwaka 2015 ukweli ulitangazwa, na udongo ulioletwa kutoka Msumbiji ukamwagwa majini mahali pale, ili wafu wapate kugusana na nchi yao. Macho ya mwenye tamaa yalipita juu ya kaburi yasilione. Na ujue, msomaji, ya kuwa miongoni mwa washirika wa kazi hiyo ya kutafuta marikebu za watumwa ni Diving With a Purpose, chama cha wapiga mbizi wa kujitolea, wengi wao Wamarekani weusi, waliojifunza kupima na kuchora kwa utaratibu wa akiolojia. Hao ni watu wa burudani waliogeuka kuwa mashahidi. Mtu wa namna hiyo utamkatazaje?

Nadhani masharti ninayoyataka yamekwisha kuanza kuonekana. La kwanza ni mafunzo: asishuke mtu penye mabaki kabla ya kufundishwa kupima, kuchora na kuelea bila kugusa chini, kwa maana teke moja la kiatu cha kuogelea huweza kuvunja ubao uliodumu karne tatu. La pili ni utii: msafara una kiongozi, na neno lake ni moja. La tatu ni mikono mitupu: anayeshuka bila kitu apande bila kitu, isipokuwa kile alichotumwa kuleta. Masharti haya si ndoto yangu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi uliomo chini ya maji unasema kuwa jambo la kufikiriwa kwanza ni kuuacha urithi huo mahali ulipo, tena unakataza usifanywe bidhaa. Lakini mkataba huo huo unataka watu wapewe nafasi ya kuutazama bila kuudhuru. Hapa kwetu, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyevumbua kitu cha kale aitoe habari katika muda wa siku saba.

Tena kipo kisa cha maji yenyewe. Ubao uliozama miaka mingi umeshiba maji. Ukianikwa juani hupasuka na kujikunja kama jani. Chuma kilichotoka baharini hubanduka magamba mpaka kikaisha, kwa ajili ya chumvi iliyomo ndani yake. Mary Rose ilinyunyiziwa maji, na baadaye dawa ya nta, mpaka mwaka 2013, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya kuinuliwa. Anayeinua kitu bila kujua atakitunza vipi hakukiokoa, bali amekiua polepole.

Limebaki kundi la tatu, nalo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa limevaa nguo nzuri. Misafara mingi ya kujitolea humtaka mtu ajilipie nauli, chakula na ada. Sikatai kwamba kazi ina gharama. Lakini fikiri matokeo yake katika nchi kama yetu. Mgeni wa mbali atashuka penye marikebu ya Mombasa au ya Ngomeni, ataandika jina lake katika taarifa, na atarudi kwao na simulizi; mtoto wa mvuvi atabaki juu ya mashua akishika kamba. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Caesar Bita, mwanaakiolojia wa chini ya maji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alitambua mwaka 2013 mabaki ya marikebu yenye shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 wataalamu waliandika kwamba huenda ikawa ni São Jorge, ya safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1524. Jambo hilo bado linachunguzwa. Ikiwa Mkenya anaweza kuwa kichwa cha kazi hiyo, kwa nini Wakenya wengine wasiwe mikono yake? Nasema hivi: kila msafara unaowakaribisha watu wa burudani kwa malipo uwekewe sharti la kuwafundisha vijana wa nchi kwa idadi inayolingana, na bila malipo. Urithi unaotazamwa na wageni peke yao ni urithi wa jina tu.

Labda utaniambia: "Bwana, hayo ni ya Mombasa na Malindi, mimi ni Mteso wa Malaba, au Msamia wa Busia, nami sijaiona bahari." Nakujibu kwa mambo mawili. La kwanza, kumbuka boda boda. Inasimuliwa sana ya kuwa jina hilo lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960, pale watu wenye baiskeli walipoanza kuwabeba wasafiri kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Hakuna wizara iliyopanga jambo hilo. Lilianzishwa na watu wa kawaida walioona haja, na leo jina hilo linajulikana Afrika Mashariki yote. Basi usidhani kuwa kazi kubwa huanzishwa na wakubwa tu. Lakini kumbuka pia ya kuwa baiskeli zilipogeuka pikipiki, mafunzo, leseni na kofia ngumu vililazimika kufuata, la sivyo watu wangeendelea kufa barabarani. Moyo wa kujitolea bila sheria ni hatari. Na sheria bila moyo wa kujitolea ni ofisi tupu.

La pili, maji hayako mbali nawe kama unavyofikiri. Jimbo la Busia lina ufuko wake katika Ziwa Victoria, na wavuvi wa Sio Port na Port Victoria hutweka tanga kila siku. Kabla reli haijafika ziwani, meli ya mvuke William Mackinnon ilisafirishwa vipande vipande kutoka pwani, vingine vikichukuliwa vichwani na wapagazi, ikaunganishwa na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Kabla yake na baada yake, mitumbwi na majahazi mengi yamepita katika ziwa hilo, na mengine hayakufika. Tena yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao haishi katika maji matamu, kwa hiyo ubao uliozama ziwani huweza kudumu pale ambapo baharini ungekwisha liwa. Ziwa hilo ni la nchi tatu. Ikiwa Kenya na Uganda zimeweza kuwaketisha maofisa wao chini ya paa moja katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kwa ajili ya kukagua malori, basi zinaweza pia kuwaketisha wanafunzi wao pamoja kwa ajili ya kuchunguza historia ya maji yao.

Wala usisahau ya kuwa ziwa ni kaburi. Tarehe 21 Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wapo jamaa zao walio hai hata leo. Ukiwaza jinsi ambavyo ungependa mgeni aingie mahali pale, akiwa na heshima au akiwa na mfuko wa kukusanyia vitu, umekwisha kuelewa jinsi impasavyo mtu kuingia penye marikebu yoyote, iwe ya mwaka 1996 au ya mwaka 1697. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: hata tukizunguka na hoja zote, tutarudi palepale, kwamba chini ya maji walikuwamo watu.

Basi ufanye nini? Jifunze kuogelea, lakini pamoja na mwenye kujua, si peke yako mtoni. Jifunze kuchora kwa vipimo, kwa maana mchoro sahihi ni silaha ya mwanaakiolojia kuliko sururu. Soma historia na jiografia, usizione kuwa ni masomo ya kupitia mtihani tu. Ukisikia mvuvi wa Sio Port amenasa wavu wake katika mbao au chuma cha kale, mwambie asikivute, aweke alama ya mahali, na habari ipelekwe kwa Makumbusho ya Taifa kabla siku saba hazijaisha. Na siku utakapokutana na mtu akikuonyesha kipande cha kauri au msumari wa shaba alioutoa chini ya bahari, usimwulize ameununua bei gani. Mwulize swali la forodha: karatasi zake ziko wapi?